Sahani Iliyorudi Jikoni

Kando ya Kenyatta Avenue, pale wauza soksi na wauza chaja wanapogombania kivuli, mzee Wanyoike huweka mizani yake chini kila asubuhi na kuwaita watu wapimwe uzito. Watu wa Nakuru ni wajasiri kwa mengi, lakini mbele ya mizani ile hata wenye vitambi vya heshima hujifanya wanaongea na simu. Jumamosi hiyo Nabalayo alisimama hapo kwa kulikimbia jua la mchana tu. Alikuwa na mfuko wa zipu na vifungo alivyotoka kununua, na gauni la kitenge cha kijani alilojishonea mwenyewe, ambalo lilikuwa limeshawageuza shingo vijana wawili na pasta mmoja.

Juu ya mizani alisimama mwanamume mwenye ovaroli ya bluu iliyojaa grisi, mabega mapana, na tumbo lililotangulia kufika.

"Mzee, hii mashine yako imeharibika," mwanamume alisema.

"Mashine ni nzima," Wanyoike akamjibu. "Wewe ndio umezidi."

"Toa hiyo spana mfukoni," Nabalayo akaingilia. Hakujua ni nini kilichomtuma. "Labda ndio inakuonea."

Mwanamume aligeuka, akamtazama kuanzia viatu hadi kilemba, akachomoa spana na kumpa aishike. Ilikuwa nzito hivi kwamba mkono wa Nabalayo ulishuka wenyewe. Mshale wa mizani haukujali.

"Basi si spana," Nabalayo akasema. "Ni mapacha hao?"

"Ni mimba ya chapati," akajibu bila kupepesa jicho. "Mama yao bado namtafuta."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Jina lake lilikuwa Muturi, mtoto wa wakulima wa Kabazi, fundi wa magurudumu katika gereji moja kando ya barabara kuu. Malori yaliyopanda kutoka Mai Mahiu yakiwa yamechoka yaliishia mikononi mwake. Siku ya kwanza Nabalayo alipompelekea chai kazini, alimkuta amelikumbatia gurudumu la lori ambalo wenzake hulisukuma wawili wawili, akalinyanyua peke yake na kulitia mahali pake. Moyo wa msichana ukafanya ujinga wake pale pale, na hakuna aliyeukataza.

Nabalayo alikuwa na kibanda cha ushonaji ghorofani, karibu na soko. Jioni Muturi alipiga simu bila kukosa.

"Fundi wangu, niaje?"

"Poa, Baba Chapati. Umekula?"

"Nimekula, lakini roho bado iko njaa."

"Roho ipelekee maharagwe. Mimi nafunga duka saa hii."

"Nakuja nikubebee cherehani."

"Ni ya chuma, na iko na meza yake."

"Nitaibeba na wewe ukiwa umekaa juu."

Mapenzi yao yalikwenda hivyo, ya utani na ya kushiba, mpaka jioni moja walipokuwa wakila samaki hotelini. Nabalayo alimsimulia kuhusu baba yake, mzee Wamalwa, aliyekufa na sukari. Alimwambia alivyokiosha kidonda cha mguu wake mpaka mguu wenyewe ukakatwa, na baada ya mguu akaenda mzee.

"Kuuguza tena mwanamume wa sukari?" alisema, akichambua mifupa. "Mungu aniepushe. Heri nikae bila mtu."

Muturi aliacha kutafuna. Nabalayo alidhani ni mwiba, akampa maji.

Toka hapo jamaa akabadilika. Akialikwa kula, alikuwa amekula kazini. Akipikiwa, tumbo lilikuwa linamsumbua. Alileta suruali zipunguzwe kiuno, akazileta tena, na mwanzoni Nabalayo alifurahi kumwona anapendeza. Lakini alipomshonea shati la kwenda nalo kujitambulisha kwao, tepu ya kupimia ilimwambia jambo asilolipenda. Kiuno kilipungua, sawa. Mbona na mikono? Mbona mabega yale, yaliyomfanya aongeze kitambaa shati la kwanza, sasa yaliacha shati likining'inia?

"Muturi, unaumwa?"

"Mimi? Si ni wewe ulitaka mapacha waende?"

Alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kimekonda pia.

Wariara, aliyeshonea kibanda cha pili, hakuwa mtu wa kumficha rafiki ukweli, hata ule asioujua. "Mwanamume akikonda hivyo ni vitu viwili," alisema. "Ama ni mgonjwa, ama kuna mwingine anampikia."

Nabalayo hakujua aombe kipi kati ya hivyo viwili.

Siku ya Muturi kwenda kwao Nabalayo, mtaa wa Section 58, ikafika. Nyumba ilikuwa ile ile aliyoinunua babu yake kwa jasho la reli, na mjomba Makhanu ndiye aliyeketi sebuleni kumpokea mgeni. Kwao mama mkwe hakai meza moja na mkwe. Mama yake Nabalayo alibaki jikoni, na chochote alichotaka kusema alikisema kwa sahani. Alimchinja jogoo, akasonga ugali wa kusimama, na juu ya nyama akaweka firigisi.

Nabalayo aliiona akaelewa. Firigisi katika nyumba ile ilikuwa ya mzee Wamalwa. Tangu azikwe, mama yake alikuwa akimpa paka, kwa sababu hapakuwa na mwanamume mwingine aliyemwona anaistahili. Kumwekea Muturi kulikuwa kumwambia, bila kinywa, kwamba kiti cha mzee kimepata mtu.

Sahani ilirudi. Ugali ulikuwa umedonolewa pembeni kama uliotembelewa na kifaranga. Firigisi ilikuwa pale pale ilipowekwa.

Mama yake aliitazama, akaifunika kwa sahani nyingine, akakaa kwenye kiti kifupi.

"Hata ile ya baba yako," alisema.

Simu ya jioni ile haikuwa na utani.

"Ulikuwa umeshiba nini?" Nabalayo aliuliza.

"Babe, sikujua ni kitu kikubwa hivyo. Kwetu firigisi ni kipande tu."

"Na ugali? Ugali pia kwenu ni kipande tu?"

Muturi akaanza kuomba radhi, akamkatiza.

"Ni nani anakupikia, Muturi?"

"Hakuna mtu. Nitakueleza."

"Lini?"

"Sio kwa simu."

"Basi usipige."

Naye, mwanamume mtiifu mahali pasipotakiwa utiifu, hakupiga. Nabalayo alishona mikono ya blauzi kinyume, akaifumua, akaishona kinyume tena. Kila simu ilipolia aliirukia kisha akajilaumu kwa kuirukia. Mama yake hakuuliza kitu. Alisema mara moja tu, akichagua mboga, kwamba firigisi haipakuliwi mara mbili.

Baadaye, mchana mmoja, namba asiyoijua ikapiga.

"Sister, ni Kiptanui wa gereji. Usishtuke."

Ukiambiwa usishtuke, umeshashtuka. Nabalayo aliacha cherehani ikiwa na kitambaa cha mtu chini ya sindano.

Muturi alikuwa amenyanyua gurudumu kama kawaida yake, mikono ikakataa, macho yakaingia giza. Kiptanui alimvuta kwa kola, na gurudumu likaanguka pale kifua chake kilipokuwa. Nabalayo alimkuta kwenye kitanda cha kliniki, maji ya dripu yakimwingia mkononi, macho ndani, ovaroli ikimzidi. Yote aliyopanga kumwambia yakampotea.

Kando ya kitanda alikaa Jerop, mtaalamu wa lishe, mwanamke mtulivu mwenye sweta ya rangi ya machungwa.

"Jana ulikula nini?" Jerop alikuwa akimuuliza.

"Supu ya kabeji."

"Na juzi?"

"Supu ya kabeji."

"Na kabla ya hapo?"

"Hapo kabeji ilikuwa imeisha."

Jerop alimtazama Nabalayo kama mtu anayetafuta shahidi. "Mwili ukinyimwa chakula ghafla unachoma mafuta, ndiyo, lakini na misuli pia. Ni kama mtu aliyeishiwa kuni, anaanza kuvunja viti. Huyu amevunja viti karibu vyote. Na kwa shida yake ya sukari, misuli ndiyo inayoitumia hiyo sukari. Anafukuza mfanyakazi aliyemhitaji zaidi."

"Sukari gani?" Nabalayo akauliza.

Jerop, aliyekuwa na akili za watu wazima, akakumbuka ana mgonjwa chumba cha pili.

"Watu wa afya walikuja kutupima kule kazini," Muturi alisema, akitazama dari. "Wakaniambia iko mpakani. Bado sio ugonjwa wenyewe, lakini iko mlangoni. Nilikuwa nataka kukuambia siku ile ya samaki. Halafu ukasema Mungu akuepushe."

"Kwa hivyo ukaamua kufa njaa."

"Niliamua kupungua haraka. Nikishapona, hungejua kamwe."

Nabalayo alingoja hofu imjie, ile aliyoizoea, yenye harufu ya dawa ya vidonda. Haikuja. Kilichomjia kilikuwa nafuu, tena nyingi, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hapakuwa na mwanamke mwingine. Hapakuwa na ugonjwa wa kumzika. Palikuwa na mjinga mmoja na kabeji yake. Alimpiga kibao chepesi begani, kisha akaulaza uso wake pale pale alipompiga, akalia mpaka akamaliza.

"Nilisema hivyo, ni kweli," alisema alipopata sauti. "Lakini nilikuwa nakula samaki. Mtu husema mengi akila samaki. Baba alijua akiwa amechelewa, Muturi. Wewe umejua mapema. Hiyo si kitu kimoja."

"Firigisi niliiogopa," akakiri. "Nilidhani ni mafuta."

"Firigisi ni msuli, wewe. Kuku mzima hana kitu kigumu kama hicho."

Walicheka kwa pamoja, Muturi akishikilia dripu isitoke.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole, kama Jerop alivyotaka. Mama yake Muturi alituma maharagwe na mayai kutoka Kabazi, na Nabalayo akampikia: omena, ndengu, sukuma nyingi, na ugali wa kulingana na ngumi, si wa kulingana na hamu. Kazi nzito, aliyokuwa amemwachia Kiptanui tangu alipoanguka, Muturi alirudishiwa kidogo kidogo. Alianza na magurudumu ya pikapu, kisha ya malori madogo ya kantari, na uani kwake akawa na mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, chuma katikati, anainyanyua huku Nabalayo akimhesabia vibaya makusudi. Usiku alilala mapema. Alipiga simu kabla ya kulala, akasinzia katikati ya sentensi, naye Nabalayo akabaki anasikiliza anavyokoroma kama mtu anayesikiliza redio nzuri.

Jumamosi moja walipita tena kwa mzee Wanyoike. Muturi alipanda mizani kwa matumaini. Mshale ulikwenda ukasimama karibu pale pale uliposimama alipopimwa baada ya kutoka kliniki.

"Haijasonga," alisema, mabega yakashuka. "Kazi yote hiyo, na haijasonga."

"Inua mikono," Nabalayo akamwambia, akichomoa tepu kutoka kwenye mkoba.

"Hapa barabarani?"

"Wewe inua."

Alimpima kiuno mbele ya wauza soksi wote. Kilikuwa kimeingia ndani tena. Alimpima mkono ule wa spana, na tepu iliyokuwa ikizunguka kwa raha sasa ilikaza.

"Mizani haijui kutofautisha nyama na mafuta," alisema. "Mimi najua. Hii ni kazi yangu."

"Msichana, unaniharibia biashara," Wanyoike akalalamika, lakini naye akaomba apimwe kiuno.

Masika yalipoisha, Jerop alimpima Muturi sukari, akaangalia karatasi, akatabasamu kabla ya kusema. "Imeshuka chini ya mstari. Endelea hivi hivi. Na chapati uzisalimie kwa mbali."

Jioni hiyo Nabalayo alimweleza mama yake kila kitu: sukari, kabeji, gurudumu. Mama yake alisikiliza hadi mwisho, akatoka nje. Nabalayo alimsikia uani akiwakimbiza kuku.

Muturi alirudi Section 58 akiwa na shati jipya jeupe lililojaa mabegani na kulegea kiunoni, mahali linapotakiwa kulegea. Mjomba Makhanu alimpokea kwa sauti ya mtu ambaye hajaamua. Jikoni, mama alipakua ugali mlima, kama anavyopakuliwa mwanamume anayeheshimiwa. Nabalayo akafungua mdomo.

"Nyamaza," mama yake akasema. "Najua."

Alichukua mwiko. Mwanamke yule, ambaye hajawahi kumpimia mgeni ugali maishani mwake, aliukata mlima ule katikati, akarudisha nusu kwenye sufuria, na mahali palipobaki wazi akajaza kunde.

"Baba yako ningempakulia hivi," alisema. "Ningejua."

Kisha akaweka firigisi juu.

Sahani ilikwenda. Walikaa wawili jikoni, wakisikiliza sauti ya mjomba akiuliza habari za malori. Nabalayo alikunja na kukunjua kitambaa cha mikono mpaka mama yake akamnyang'anya.

Sahani ikarudi. Ilikuwa na mifupa tu, na hata mifupa ilikuwa imefanyiwa kazi. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaendelea kuishika.

"Nabalayo," mjomba Makhanu akaita kutoka sebuleni, na safari hii sauti ilikuwa imeshaamua. "Njoo hapa. Kuna mtu amekuja, anasema wewe unamjua. Ni kweli unamjua?"

Aliingia. Muturi alikuwa amekaa wima, mikono magotini kama mtoto wa shule, jasho likimtoka ijapokuwa hakukuwa na joto.

"Namjua, mjomba," Nabalayo alisema. "Akileta mahari, kuleni vitu vyake."

Jikoni, mama yake akafungua mfereji, akaanza kuosha sahani.