Mchumba Wangu Aliniuza kwa Askari Tukisoma Katiba

"Ni huyu hapa."

Mwanaume aliyesema hayo maneno alikuwa mchumba wangu.

Na kidole chake kilikuwa kimenielekea mimi...

Wapendwa, ngoja nianze pole pole. Mkisikia vile nilikuja kulipiza mtasema huyu mama ana roho ngumu. Ni kweli niko nayo. Lakini sikuzaliwa nayo.

Naitwa Roda Kalunde, binti ya mzee Kiilu wa Mwala. Mwaka wa 1997 nilikuwa nasomea ualimu kwa chuo fulani karibu na Kitengela. Jina la chuo sitaji. Kila mtu pale aliniita Kalunde.

Ngui tulikuwa darasa moja. Kijana mrefu, mtanashati, sauti ya kusomea watu habari. Alikuwa ameshakuja kwetu kuonana na wazazi. Mamangu alichinja jogoo.

Sasa, nyinyi mliozaliwa juzi hamwezi kuelewa. Wakati huo kuongea juu ya katiba ilikuwa kitu ya kunong'onezana. Mkutano bila kibali, mnaingia ndani. Na sisi tulikuwa tunaenda kufundisha watoto wa nchi ambayo hata hatujui imeandikwa nini.

Nikaalika mtu anaitwa Hiram. Alikuwa anazunguka vyuoni akifundisha elimu ya uraia. Kura ni ya nani, chifu mwisho wake ni wapi, askari akikushika unaruhusiwa kuuliza nini.

"Na mwalimu mkuu akijua?" nilimuuliza Ngui.

"Hatajua. Mimi nitakaa kwa mlango. Nikiona mtu, napiga mluzi."

Mluzi haukupigwa.

Hiram alikuwa ameandika ubaoni, "Serikali ni ya nani?" Tukiwa bado tunacheka, mlango ukafunguka kwa kishindo. Askari. Nyuma yao mwalimu mkuu. Na katikati yao, Ngui wangu.

"Nani aliita huu mkutano?" askari mmoja aliuliza.

"Ni huyu hapa. Anaitwa Kalunde. Sisi wengine alituambia ni maombi."

Nilimwangalia. Nilidhani ni mchezo, kwamba atanikonyeza... Hakunikonyeza.

Tulipelekwa seli huko Kajiado, mimi na Hiram. Hiram alipigwa mpaka akawa anaongea na upande mmoja wa mdomo. Mimi sikuguswa, lakini nilimsikia akipigwa. Hiyo sauti niko nayo mpaka leo.

Walipotuachilia, nilikuta sanduku langu nje ya geti la chuo. Nimefukuzwa. Mchochezi.

Muhula haujaisha, Ngui akafanywa mwenyekiti wa wanafunzi.

Nyumbani, baba aliniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, kwani uliiba?"

"Hapana, baba."

"Sasa mbona wamekufukuza?"

"Tulikuwa tunasoma katiba."

Aliniangalia kama mtu ameambiwa kitu kwa lugha ya kigeni. Alikuwa ametangazia soko nzima kwamba ana mwalimu. Kutoka siku hiyo aliacha kwenda sokoni. Alikufa akiamini nilimficha kitu.

Hapo ndipo roho yangu iligeuka jiwe.

Nilivuka mpaka wa Namanga nikaenda kukaa kwa shangazi Arusha. Nikafundisha chekechea miaka kadhaa. Huku Kitengela hakuna mtu alijua niko hai ama nimekufa. Na hilo neno, wapendwa, likumbukeni kidogo.

Serikali ilipobadilika, Hiram akanitafuta. Sasa elimu ya uraia ilikuwa ruhusa, hadi vyuo vilikuwa vinatuandikia kutualika. Nikajiunga naye. Kazini nilitumia jina langu la ubatizo. Madam Roda.

2007, mwaka wa uchaguzi, nikiwa kwa gari natoka Isinya, nikaona picha imebandikwa kwa ukuta wa duka. Shavu limejaa, tai nyekundu.

NGUI. DIWANI WENU. SAUTI YA HAKI.

Nilishuka. Nikasimama mbele ya hiyo picha mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nilienda moja kwa moja kwa Hiram.

"Nipatie kile chuo."

"Kalunde, una uhakika?"

"Hicho tu. Vingine gawia watu wengine."

Nilifundisha hao wanafunzi kama mtu ananoa panga. Wengi walikuwa wamejiandikisha kupiga kura papo hapo Kitengela. Niliwaambia, mwanasiasa akisema kitu, usipige makofi kwanza. Uliza. Ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Nani anaweza kushuhudia?

Kiongozi wao alikuwa Resian, msichana wa Kimaasai, mpole wa sura lakini akili ni wembe.

"Resian, alikeni wagombea wa udiwani. Wote. Waje waulizwe maswali."

"Sawa, Madam. Na wewe utaongoza?"

"Hapana. Ongoza wewe. Mimi nitakaa nyuma."

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ngui akimaliza kuongea, nasimama, naambia ukumbi mzima huyu ndiye aliuza wenzake. Basi. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hayo maneno hadi bafuni.

Siku ikafika. Ukumbi ukajaa hadi madirishani. Mimi niko safu ya mwisho, nywele nimekata, miwani, mwili umeongezeka. Ngui akaingia na vijana wake. Macho yake yalipita juu yangu kama yanapita juu ya kiti. Wakubwa huwa hawaangalii safu ya nyuma.

Akashika maikrofoni. Ile sauti, bado tamu.

"Watoto wangu, mnajua mimi nilisoma hapa? Na mnajua nilifanyiwa nini hapa?"

Akazungusha macho ukumbi mzima.

"1997 nilileta elimu ya uraia katika ukumbi huu. Mimi. Wakati wengine wanaogopa. Askari wakanivamia. Nililala seli Kajiado kwa sababu yenu!"

Wanafunzi wakapiga makofi. Wengine walisimama.

Jamani... huyu mtu alikuwa amevaa maisha yangu kama koti.

Resian alikumbuka masomo.

"Mheshimiwa, ulikuwa na nani huko ndani?"

Ngui akainamisha kichwa. Akatoa kitambaa.

"Nilikuwa na msichana anaitwa Kalunde. Mchumba wangu. Seli ilimshinda. Alitoka akiwa mgonjwa, na... hakuishi. Nilimzika na mikono yangu."

Msichana mmoja karibu na mimi akaanza kulia.

"Naomba tusimame," Ngui akasema, "tunyamaze kidogo kwa heshima ya Kalunde."

Ukumbi wote ukasimama.

Na mimi nikasimama. Nikainamisha kichwa. Nikaomboleza kifo changu mwenyewe, huku namsikia muuaji wangu akivuta kamasi kwa maikrofoni.

Nilisahau yale maneno yote niliyokuwa nimejifunza. Watu walipoketi, mimi nikabaki nimesimama.

"Madam Roda ako na swali," Resian akasema.

"Ni fupi tu. Mheshimiwa, ulinizika wapi?"

Watu wakageuka. Nikatoa miwani.

"Roda ni jina la kanisa. Nyumbani naitwa Kalunde, wa Kiilu, wa Mwala. Nauliza kaburi liko wapi, maana mamangu angependa kulitembelea."

Nimewahi kuona watu wakiaibika. Lakini ile sura ya Ngui... Alikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kuna... Kalunde ni wengi," akasema.

"Huyu aliyekuwa na mimi seli ni huyu," Hiram akajibu kutoka kwa mlango, alikokuwa amefika kunichukua, kwa mdomo wake wa upande mmoja. "Wewe sikukuona huko. Nilikuona ukileta askari."

Hakuna mtu alimpigia kelele Ngui. Hakuna mtu alimzomea. Wanafunzi walianza tu kunyoosha mikono, mmoja baada ya mwingine, kila mtu ana swali. Alitoka kabla ya kujibu hata moja.

Nilipotoka, nilimkuta ananingoja nje, karibu na matangi ya maji. Jasho limemtoka.

"Kalunde, tafadhali. Niko na watoto. Rudi uwaambie ni mambo yalichanganyika."

"Ngui," nikamwambia, "mimi ni marehemu. Marehemu hasemi."

Nikamwacha hapo.

Udiwani aliukosa, na vibaya. Mwaka uliofuata nilienda Mwala, nikakaa kando ya kaburi la baba, nikamweleza yote kwa sauti, kutoka mwanzo. Nililia, kwa sababu ushindi wangu ulimchelewa.

Watu huniambia samehe, Kalunde. Sijasamehe, na usingizi naupata.

Lakini nyinyi mlio vyuoni sasa, shikeni hili. Mtu akija kwenu na historia tamu ya vile aliteseka kwa ajili yenu, usilie kwanza, wala usisimame kwanza. Muulize alikuwa na nani.

Halafu geuka uangalie safu ya nyuma.