Uso Ulioulizwa Jina

Hard disk ilikuwa juu ya kabati, haijachomekwa popote, na ilikuwa inazunguka. Munguti aliisikia akinywa chai ya saa nne ndani ya studio yake pale Kitengela. Akaigusa, akakuta ina moto. Mtu mwenye akili angejiuliza. Yeye akaitupa ndani ya droo na kurudia chai yake.

Huyo ndiye Munguti, mpiga video wa harusi na matanga. Unamwambia kitu, anaitikia, halafu anafanya chake. Alipoenda Oltepesi kurekodi mazishi ya mzee mmoja, Naipanoi, dada ya marehemu, alimvuta kando.

"Piga yote, lakini jina lake usiandike mahali. Sisi mtu akienda hatumtaji. Kuna vitu hukaa vikisikiliza."

"Sawa, yeyo," akasema, akimwita mama kwa Kimaasai. Na kwa miaka kadhaa alitii, tena kwa uvivu tu: ile kazi aliiandika "Oltepesi", basi.

Kisha akanunua laptop mpya. Nyembamba, maridadi, na haina hata tundu moja la kuingiza hard disk zake za zamani. Akaazima adapta, akapandisha kila kitu kwenye cloud, ile hifadhi ya mtandaoni, pamoja na picha za nyumbani. Sasa hiyo cloud iko na kiherehere. Inakusanya nyuso zinazofanana, inakuletea mmoja mmoja ikikuuliza: Huyu ni nani? Munguti akajaza mabibi harusi, mapasta, mke wake Kamene, na msichana wao wa darasa la kwanza. Ukaja uso wa mzee wa Oltepesi ndani ya jeneza. Akaandika jina lake, lote, mpaka la baba yake. Kesho yake ndiyo hard disk ikaanza kuzunguka.

Mchana cloud ikampata mzee kwingine. Harusi ya Nkoroi, ameketi nyuma ya bwana harusi. Birthday ya msichana, amesimama mlangoni, macho yamefungwa vilevile. Studio ikanuka ngozi mbichi ya ng'ombe. Kamene akapiga simu kutoka nyumbani, sauti chini kabisa.

"Huyu mtoto anaongea na mtu jikoni. Namuuliza ni nani, ananiambia ni babu. Ati anataka waende."

"Mpige picha unitumie," akanong'ona.

Picha ikaja, na Munguti akaona msichana wake amekaa kwa stuli akicheka, na nyuma yake, mkono juu ya kichwa cha mtoto, yule mzee na udongo wa kaburi bado masikioni, akimtazama Munguti moja kwa moja, kwa sababu safari hii macho yalikuwa wazi.

Munguti alimpigia Naipanoi simu, naye akafika nyumbani kwao jioni. Akamfunika msichana masikio kwa shuka.

"Huyo si ndugu yangu. Ndugu yangu amelala. Hilo ni jini limevaa uso wake, na wewe umelipatia jina la kuingilia. Lifute hilo jina."

"Nikilifuta, jini litaenda?"

"Litaenda. Lakini limeshazoea kuwa na jina. Haliwezi kuondoka bila jina."

"Futa tu," Kamene akasema.

Akafuta. Harufu ikaisha. Msichana akaomba chapati, na Kamene akalia kwa furaha. Simu ya Munguti ikalia pia. Cloud ilikuwa imeleta tena uso wa msichana wao: Huyu ni nani?

Munguti akacheka, akaanza kuandika. Kidole kikasimama. Akamtazama Kamene. Kamene akafungua mdomo, akaufunga.

Mmeona namwita msichana tu tangu mwanzo. Simfichi jina; halipo tena. Majirani waliozoea kumwita Kamene mama fulani sasa wanamwita Kamene. Mwalimu humwonyesha mtoto kwa kidole. Pasta aliombea nyumba nzima, akifika kwake anakwama.

Lakini msichana akicheza pale nje, mara nyingine huacha kamba ikaanguka, akageukia barabara ya Oltepesi, na kuitika.