Terere za Ruguru

Kila asubuhi Ruguru alitakiwa kuteka maji kwenye bomba la kanisa na kumwagilia bustani yao, nje kidogo ya mji wa Embu. Foleni ya bomba ilikuwa ndefu, naye Ruguru na uvivu walikuwa chanda na pete. Mwezi mzima alichota mtaroni, nyuma ya kibanda cha fundi Njiru, aliyekuwa akivunja betri kuukuu za magari na kumwaga maji yake humo.

Maharagwe yaligeuka manjano, yakadumaa. Lakini terere, yaani mchicha, zilinawiri hadi majirani wakazisifu. Ruguru alishikwa na wasiwasi. Aling'oa mche wa haragwe, akampelekea Mwalimu Ireri wa sayansi.

"Mizizi imekufa," mwalimu alisema. "Mnamwagilia maji gani?"

"Ya bomba, mwalimu," Ruguru alijibu, macho chini.

"Basi inanishangaza, maana unafanana na mmea ulionyweshwa maji ya betri. Maji hayo huwa na risasi, madini mazito yenye sumu. Mimea mingine hudhoofika ikiyanyonya. Mingine huyanyonya na kubaki kijani, akaumia anayeila, hasa mtoto mchanga. Hata kuchemsha hakuitoi sumu hiyo."

Ruguru alizikumbuka terere. Jioni hiyo Mama na wanawake wenzake wangekwenda kumwona shangazi Nelius, aliyejifungua juzi. Wangebeba kuni, uji na mukimo, yaani viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja na mboga, na terere za mukimo zingetoka bustanini kwao, mavuno ya kwanza.

Kipindi cha mwisho kilikataa kwisha. Ruguru aliandika tarehe mara mbili, akafuta, akachungulia dirishani. Akisema, Mama atamchapa. Asiposema, je, kichanga cha shangazi? Kengele ilipolia alichomoka mbio bila hata kufunga mkoba.

Alimkuta Mama jikoni, mwiko mkononi. Terere zilikuwa zinatokota.

"Mama, usizitie kwenye mukimo!"

"Kwani kuna nini?"

"Zina sumu. Nilizimwagilia maji ya mtaro wa Njiru."

"Si nitamwaga maji ya kwanza, kama tunavyofanya na mboga ya managu?"

"Hiyo ni ya kutoa uchungu, Mama. Mwalimu amesema sumu hii haitoki." Machozi yalimtoka. "Nilikudanganya kuhusu bomba. Hata mwalimu nimemdanganya."

Mama akaipua sufuria, akachimba shimo mbali na mbuzi, akazifukia terere zote. Mukimo ulipondwa kwa majani ya maboga kutoka kwa jirani, na Mama na wenzake wakachelewa saa nzima kufika kwa shangazi.

Kesho yake Ruguru alimweleza mwalimu ukweli, naye akamwita afisa wa afya. Njiru alizuiwa kuvunja betri pale, na bustani ikaachwa bila kupandwa chakula mpaka udongo upimwe.

Ruguru alingoja fimbo, lakini haikuja. Mama alimkalisha karibu naye.

"Maharagwe yalituonyesha ubaya mapema, tukayaona hayafai," alisema. "Terere zikauficha, tukazisifu. Mwanangu, ukikosea, usingoje mpaka chakula kifike mdomoni mwa mtoto wa watu. Sema ungali na nafasi."