Wivu wa Kinyozi na Ugonjwa wa Graves

Kinyozi alikuwa na wivu, tena ule wa kukondesha. Ila safari hii aliyekonda ni mkewe, fundi cherehani.

Mama huyo alikula vizuri, na bado magauni yakampwaya. Mikono ilimtetemeka, uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Usingizi hapati. Macho nayo yamemtoka, kama ya mtu anayesubiri mgeni mlangoni.

"Unamtolea nani macho?" kinyozi akamuuliza.

"Simtolei mtu. Moyo tu unanienda mbio."

Moyo unamwenda mbio! Dalili za mapenzi nani asiyezijua? Wivu ukamkaba kinyozi. Akatupa nguo za mkewe mlangoni.

"Nenda kwa huyo anayekukimbiza moyo!"

Jirani yao, nesi wa kituo cha afya, akasikia kelele, akaingia. Akampa mama maji.

"Hebu kunywa, dada."

Mama alipomeza, uvimbe ukapanda na kushuka shingoni.

"Shemeji," nesi akasema, "kutwa unanyoa shingo za watu. Ya mkeo umeitazama lini?"

Kinyozi akasogea, akaitazama.

"Hiyo ni tezi ya shingo. Ikifanya kazi kupita kiasi, mtu hukonda, hutetemeka, moyo humwenda mbio. Na macho yakitokeza hivi, huenda ni ugonjwa wa Graves. Mpeleke hospitali apimwe damu. Mkichelewa, moyo unaweza kuharibika."

"Huyo Graves ni nani?" Wivu ulikuwa haujalala.

Nesi akacheka. "Daktari wa zamani, karibu miaka mia mbili iliyopita. Alizieleza vizuri dalili hizi, ndiyo maana ugonjwa ukapewa jina lake. Kwingine wanauita Basedow, daktari mwingine aliyeueleza."

"Wanaume wawili kwa mke wangu mmoja!"

Hospitali, vipimo vikathibitisha kuwa ni Graves. Mama akapewa vidonge, akaambiwa asiache hata akipata nafuu, mpaka daktari aseme. Kinyozi mwenyewe akawa anamkumbusha kila siku. Baada ya miezi kadhaa moyo ukatulia, magauni yakamkaa, uzi ukaingia.

Siku hiyo kinyozi alimtazama akishona, roho ikamuuma.

"Nilikuwa namfukuza mgonjwa. Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusamehe. Ila ugonjwa wa wivu tuupe jina lako, mume wangu. Hakuna aliyeueleza vizuri kuliko wewe."