Jina la Hamsini

"Dada, umeolewa?"

Truphosa aligeuka, fungu la sukuma wiki mkononi. Jumamosi hiyo ya mwaka 1957 soko la Nakuru lilifurika watu, na mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, ameshika karatasi na kidau cha wino.

"Unaniuliza kama nani? Baba mkwe?"

Kijana alicheka, akajitambulisha: Khaemba, karani wa reli na katibu wa chama cha wafanyakazi. Reli iliwalaza wanaume wanne chumba kimoja, wake zao wakakatazwa kuingia. Chama kilitaka sheria hiyo ibadilishwe, lakini ofisa wa nyumba alisema hatapokea ombi lenye majina ya wake wa wafanyakazi yasiyofika hamsini.

"Mimi sina mume, nina cherehani."

"Basi cherehani ina bahati."

Wiki iliyofuata simu ya Khaemba ililia katika duka la Mhindi alikoshonea nguo. Ikalia tena, na tena. Jumapili wakawa wanatembea kando ya ziwa, Truphosa ndani ya gauni la maua alilojishonea.

"Siku moja, kipenzi, utanipikia chai nyumbani kwetu."

"Na wewe utateka maji."

"Hata kuni nitapasua!"

Alimpenda kwa imani yake hiyo, kwamba karatasi yenye majina ya kutosha ingeweza kuinua ukuta.

Desturi ya chama ilikuwa kusoma majina yote hadharani kabla ya kuyapeleka. Ukumbi ulijaa. Khaemba alisoma hadi la mwisho: "Hamsini! Truphosa, mke wa Khaemba!"

Akina mama walipiga vigelegele. Truphosa alitoka nje, uso unawaka.

Jumatatu simu ililia.

"Nisamehe, mpenzi. Tulipungukiwa na jina moja tu."

"Kwa hiyo serikali inijue kama mke wako, na baba yangu hajakuona hata sura?"

"Nilidhani, kwa kuwa nakupenda..."

"Ungeniuliza, Khaemba! Sokoni uliniuliza hata kabla ya kunisalimu!"

Akakata simu.

Jioni Jepkoech, mke wa fundi wa reli, alimjia akihema. "Dada, amelifuta jina lako! Amekiri mbele ya watu kwamba alidanganya. Wamemzomea vibaya. Kesho wanapeleka arobaini na tisa, watarudishwa mlangoni."

Asubuhi Truphosa alivaa gauni la buluu, akafunga kitambaa, akaenda. Khaemba alisimama kwenye ngazi za ofisi pamoja na akina mama, macho mekundu. Truphosa hakumsalimu. Alichukua kalamu, akaandika mwenyewe: *Truphosa. Sijaolewa. Ninayempenda amepewa robo ya chumba.*

Ofisa alihesabu, akasita kwenye mstari wa mwisho.

"Huyu si mke."

"Ndiyo maana nimekuja, bwana," alisema Truphosa.

Ofisa aliusoma mstari ule tena. Kisha akaipokea karatasi.

Baada ya miezi mitatu zilitolewa nyumba kumi na mbili za wenye ndoa. Jepkoech alipata yake. Khaemba, kapera, hakupata kitu. Alimbebea Jepkoech kitanda akiimba.

"Umewapigania wenzako, katibu," Truphosa alimwambia pale mlangoni, "nawe bado unalala na wengine watatu."

Khaemba alikiweka kitanda chini. "Ijumaa napanda gari moshi kwenda kwa baba yako. Lakini nakuuliza wewe kwanza. Utanikubali, bila nyumba?"

Truphosa alimpangusa vumbi begani, polepole.

"Nimekubali. Ila ukifika, kaa kwanza, unywe uji, mzungumze habari za mvua. Baba hapendi watu wa haraka."