Hodi Isiyo na Jina

Rafiki yangu mmoja, muuguzi asiyeogopa maiti wala bosi, alipelekwa nchi ya ugenini kwa mafunzo. Mama mwenye nyumba alimpokea vizuri, akamweleza taratibu za pale: viatu huvuliwa mlangoni, watu hawapigwi picha bila ruhusa, na hodi isiyo na jina haiitikiwi.

“Mtu akibisha asijitaje, nyamaza tu, mwanangu.”

“Mama, mimi nimeshika mikono ya watu wakikata roho. Hodi itanifanya nini?”

Usiku huohuo mvua kubwa ilishuka, umeme ukakatika, chumba kikawa giza totoro. Mlango ukagongwa taratibu, chini, usawa wa goti.

“Nani?”

Kimya.

“Huna jina? Basi karibu ndani, tuonane.”

Alifungua. Hapakuwa na mtu. Akafunga kwa ufunguo, akawasha tochi ya simu, akakaa kitandani akiukodolea mlango macho. 

“Sihami,” alisema kwa sauti. “Chumba hiki ni changu.”

Mlango ukagongwa tena, taratibu vilevile. Safari hii, kwa kila pigo, koti alilolitundika mlangoni, upande wa ndani, lilibonyezwa pindoni kwenye ubao.