Zoezi la Miwani

Gati la kisiwa cha Cozumel lilikuwa limefurika watu Fermín Ucán aliposhuka kivukoni, amekumbatia boksi la keki. Alikuwa mpishi wa keki kutoka Mérida, na ile ilikuwa sampuli ya kuonyesha hotelini alikoitwa kazi. Nayeli, mwalimu wa kuzamia baharini, alikuwa akikatiza na mtungi wa hewa begani, gauni la njano limemganda mwilini, nywele zimekakamaa kwa chumvi. Mtungi uligonga boksi, keki ikatua chini.

Nayeli aliomba radhi, akachota krimu iliyobaki kwenye kifuniko, akaionja.

"Nimeharibu kitu kitamu," alisema. "Nikufidie nini?"

"Nifundishe kuzamia."

"Kuogelea unajua?"

"Tangu nimekuona, nazama tu."

Alicheka, akamwambia aje bwawani Jumatatu.

Mapenzi yao yalikulia bwawani. Fermín alikuja na maandazi yenye krimu, Nayeli akamfundisha kama alivyowafundisha wanagenzi wote: usibane pumzi kamwe, maana hewa hutanuka mtu anapopanda na inaweza kupasua mapafu, panda taratibu, usiachane na mwenzako. Fermín aliyashika yote, ila zoezi moja lilimshinda. Kila alipotakiwa kuingiza maji ndani ya miwani ya kuzamia na kuyapuliza nje kwa pua, alikurupuka juu akikohoa.

Nayeli alikataa kumpeleka baharini. Fermín akanuna, hata simu zikawa za kuhesabika. Ndipo siku moja, Nayeli akiwa kwa mama yake, akampigia kwa furaha.

"Nimeweza, mpenzi. Gonzalo amenisimamia, nimerudia mara tatu."

Gonzalo alikuwa mwalimu mwenzake Nayeli.

"Mbona hajaniambia?"

"Nilimwomba anyamaze nikushtue mwenyewe. Au huniamini, moyo wangu?"

Nayeli angeweza kumuuliza Gonzalo. Angeweza kumrudisha bwawani. Hakufanya hivyo, kwa sababu alitaka mno iwe kweli.

Jumapili walizamia kwenye matumbawe pamoja na wanafunzi wengine. Mmoja alipogeuka, pezi lake la mguuni lilipiga miwani ya Fermín, maji yakaingia. Fermín akabana pumzi, akapiga miguu kwenda juu. Nayeli alimdaka mguu, akavutwa naye, akawa anamgandamiza tumbo kwa ngumi mpaka akaachia pumzi. Hilo ndilo lililookoa mapafu ya Fermín.

Fermín alitoka mzima. Lakini Nayeli alikuwa amezamia wiki nzima, asubuhi na alasiri, na mwili wake ulijaa gesi inayohitaji muda kutoka. Kwa kupanda ghafla vile, muda haukuwepo. Ndani ya boti alisema hayahisi magoti yake. Walipofika gatini hakuweza kusimama.

Alilazwa, akawa anaingizwa kila siku kwenye chumba cha shinikizo la hewa, ili gesi ile imtoke taratibu. Nguvu za miguu zilirudi nusu. Daktari akamwambia hatazamia tena. Fermín hakutokea hata mara moja, na Nayeli akaamini amemkimbia kwa kuwa amekuwa kilema.

Alikuja baadaye sana, Nayeli akiwa amerudi kwa mama yake. Shati limepigwa pasi, pete mfukoni. Alikiri kwamba Gonzalo hakumsimamia zoezi lolote. Nayeli alikwisha kuambiwa na Gonzalo mwenyewe.

"Hospitali hukuja kwa nini?"

"Aibu. Nilidhani ukiniona utaumia zaidi."

"Niliumia kwa kutokukuona."

Fermín akapiga magoti sakafuni, akatoa pete. Nayeli aliitazama bila kuigusa.

"Sijutii kukushika kule chini," alisema. "Ningekushika tena. Lakini ulinidanganya juu ya kitu nilichokwambia kinaua. Nikiolewa nawe, ukisema umefunga gesi ya jiko, nitanyanyuka nikaangalie. Ukisema mtoto amefika shule, nitapiga simu shuleni. Sitaki kuishi hivyo, Fermín."

"Kwa hiyo hunipendi tena?"

"Nakupenda. Hilo halijaondoka."

Fermín alilia, mkono ungali umenyooshwa. Kisha akarudisha pete mfukoni na kutaka kumshika Nayeli mkono amwinue kitini. Nayeli akausogeza mkono wake pembeni. Alijishikilia kwenye meza, akainuka mwenyewe, akamsindikiza hadi mlangoni hatua kwa hatua, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote.